Zimwi likujualo ndilo litishalo

Mtu wa makamo aliyekwisha kufundisha isimu chuoni kwa miaka kumi na mitano, akatahini na kusahihisha tasnifu za wengine, hatarajiwi kuonekana tena amekaa kitako mbele ya mkufunzi ili afunzwe namna ya kuwatisha watoto. Hata hivyo, hayo ndiyo yaliyonisibu. Kwa muda wa majuma manane, kila Jumamosi saa mbili usiku, niliwasha kipakatalishi changu, nikaingia katika intaneti, nikawa mwanafunzi katika kozi ya uandishi wa vitabu vya kuogofya kwa wasomaji wachanga. Wenzangu chuoni waliposikia walicheka. Mmoja aliniuliza iwapo mishahara imechelewa tena.

Kilichonipeleka huko si mshahara. Usiku mmoja nilipita mlangoni pa chumba cha binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, nikaona mwanga hafifu ukichezacheza chini ya blanketi. Nilidhani ni simu. Kumbe ilikuwa tochi, na mbele ya tochi kitabu cha Kiingereza cha Mmarekani R. L. Stine, kimojawapo katika msururu wa Goosebumps ulioanza kutolewa mwaka wa 1992 na ambao umeuzwa kwa mamia ya milioni ya nakala duniani. Rafuni mwake mlikuwa na vitabu vitatu vya hadithi za Kiswahili nilivyomnunulia mwenyewe kwa fahari ya mzazi mwenye taaluma yake. Vilikuwa vipya kama siku vilipotoka dukani. Nilipomuuliza sababu hakunificha.

“Baba,” alisema, “vile vya Kiswahili kila mara vinanionya. Hiki kinanitisha.”

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Mtoto alikuwa ametenganisha vitenzi viwili, kuonya na kutisha, kwa ustadi ambao si wanafunzi wangu wote wa mwaka wa tatu wanao. Nikaona kwamba, kabla ya kulaumu watoto wetu kwa kuikimbia lugha, yafaa nikajue wale wanaowakimbilia wanawapa nini.

Mkufunzi wetu, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyeko Marekani, alifundisha jua la kwao likiwa utosini, nami nikimsikiliza gizani, maana mtaani kwetu stima hupotea bila taarifa. Mara mbili nilimaliza somo kwa mshumaa na betri. Wanafunzi wenzangu walikuwa watu wa kila namna: mstaafu wa benki, mwuguzi wa zamu za usiku, mwalimu wa chekechea. Sikumweleza yeyote kwamba nina shahada ya uzamifu, nami nashukuru kwamba sikufanya hivyo.

Somo la kwanza lilihusu historia. Mwaka wa 1845 daktari mmoja wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alichapisha kitabu cha mashairi na picha alichokuwa amemtungia mwanawe mdogo. Ndani yake mna mtoto anyonyaye vidole gumba hata anapokanywa na mamake. Akaja fundi wa kushona na mkasi mkubwa, akavikata vidole. Hicho ni kitisho cha kuonya. Mtoto amekosa, mtoto ameadhibiwa, hadithi imekwisha. Mwaka wa 1963 Mmarekani Maurice Sendak alitoa kitabu cha picha juu ya mvulana mtukutu aitwaye Max, aliyesafiri mpaka nchi ya madubwana, akawa mfalme wao, kisha akarejea chumbani mwake akakuta chakula chake cha usiku kingali moto. Max naye alikuwa amekosa, lakini hakuliwa wala hakukatwa kitu. Aliliendea tishio kwa miguu yake na akarudi kwa miguu yake. Baina ya mkasi ule na chakula kile cha moto ndipo ilipo tofauti aliyoiona binti yangu.

Ilinishangaza vilevile kujua jinsi watu wazima walivyoviogopa vitabu hivi kuliko watoto wenyewe. Huko Uingereza Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 1955 kupiga marufuku vijitabu vya katuni za kuogofya. Huko Marekani mkusanyo wa Alvin Schwartz wa hadithi za kusimuliwa gizani, uliotolewa mwaka wa 1981, ulikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba katika miaka ya 1990. Watoto waliendelea kuviazima.

Kisha zikaja kanuni, nami nazitaja kwa ufupi kwa faida ya walimu. Kwanza, kitisho kianzie mahali mtoto anapopajua: kitandani, jikoni, njia ya kwenda shule. Pili, wakubwa waondolewe, kwa sababu pale alipo mzazi hapana hofu. Tatu, kila sura ikatizwe pale msomaji anapotamani kufunua ukurasa. Nne, baada ya kitisho kuwe na kicheko; Stine mwenyewe, kabla ya kujulikana kwa vitisho, alikuwa mwandishi wa vichekesho. Tano, na hii nitairudia, mtoto ajiokoe mwenyewe.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa hadithi ya kurasa tatu. Nilitunga kwa Kiswahili, kisha nikatafsiri. Nilieleza habari za kijana aliyepuuza maneno ya nyanya yake, akaenda msituni usiku, akakabiliana na zimwi lenye macho saba. Malaika yalimsimama. Kijasho chembamba kilimtiririka. Moyo ulimdunda, naye akatetemeka mithili ya unyasi katika upepo. Mwishowe zimwi lilimwachilia baada ya kuapa kwamba atawatii wakubwa maisha yake yote. Nilipata alama nne kwa kumi. Chini yake mkufunzi aliandika swali moja na jibu lake: mtoto yuko wapi katika hadithi hii? Mimi ninamwona mwalimu tu.

Nilikasirika kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya tafsiri yangu, nikaona alichokiona. Tafsiri ni kama jua la mchana: huonyesha madoa ya nguo. Misemo yote ile niliyoitia kwa mkono wa ukarimu haikubeba picha yoyote. Nilikuwa nimeichota kutoka ghalani, nami nalijua ghala lenyewe. Ni insha zetu za shuleni. Kwa miaka mingi, hasa enzi za mtihani wa KCPE ulioanza mwaka wa 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tumewakaririsha watoto misemo ya furaha, misemo ya huzuni na misemo ya hofu, wakaitia katika insha kama mtu atiaye chumvi bila ya kuonja. Nilimuuliza binti yangu maana ya malaika kusimama. Alikiri kwamba kwa miaka miwili ameuandika msemo huo, na kupata alama, akidhani ni malaika wa mbinguni wanaoinuka kumtazama. Hakuwahi kuambiwa kwamba malaika ni vinyweleo vya mwili wake mwenyewe. Mtihani umekwenda, mazoea yamebaki.

Sisemi misemo itupwe. Aliyetangulia kusema kwamba vinyweleo vyake vilisimama alikuwa amevitazama vinyweleo vyake. Lakini mtoto anayeogopa kweli hatazami kijasho chembamba. Hutazama kitasa cha mlango.

Baada ya aibu hiyo nilifanya ambalo ningelifanya mwanzo: nilirudi katika ngano zetu. Mwaka wa 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja baadaye kuwa askofu, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili na Kiingereza vikitazamana. Humo mna hadithi ya nunda mla watu. Nunda hakutoka msituni wala kuzimu. Alikuwa paka wa Sultani. Alianza kwa kula mifugo ya bwana wake, na kila watu walipokuja kushtaki, Sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akaendelea kula, akakua, akahamia kwa watu, na siku Sultani alipotanabahi, wanawe mwenyewe walikuwa wamekwisha kuliwa. Anayeinuka kumtafuta nunda ni mwana mdogo aliyedharauliwa na babake. Anaua mnyama na kumburura mpaka nyumbani, akidhani ndiye. Mamake anamwambia siye. Anarudi tena. Anaanza na mbwa, anafika hadi kwa tembo, na kila mara siye, mpaka siku aliyekuwa ndiye.

Tazama, msomaji, jinsi kanuni zote tano zilivyokuwamo humo miaka mia moja na zaidi kabla ya kozi yangu. Kitisho kimeanzia mekoni. Mkubwa ameshindwa kutumia ukubwa wake. Kila mnyama anayeburutwa ni sura inayokatizwa, tena yenye kuchekesha. Mtoto anajiokoa, na kuwaokoa wengine. Isitoshe, mwaka wa 1901 Andrew Lang aliitia hadithi hiyo katika mojawapo ya vitabu vyake vya hekaya, na watoto wa Uingereza wakatishwa na paka wa Unguja. Sisi tulio na paka mwenyewe tumempa mtoto zimwi lenye macho saba, ambalo kazi yake ni kuhimiza utiifu.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hutumika kumwambia mtu kwamba afadhali adui wa karibu, maana atakusaza. Mimi sasa naisoma kwa namna nyingine pia. Zimwi lisilokujua halikutishi sana, kwa kuwa halina njia ya kukufikia. Likujualo ndilo linalojua dirisha lako.

Ni methali hiyo hiyo iliyonirudisha katika taaluma yangu. Tazameni kiambishi chake. Leo tunafundisha kwamba viumbe hai, hata wa kubuni, huingia katika ngeli ya A-WA, na mtahini mkali angeitaka methali iseme zimwi akujuaye. Waliotunga walisema li-. Walijua walitendalo. Kiingereza kina neno moja dogo la kutajia kisichojulikana, na neno hilo halisemi kama ni kikubwa au kidogo. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba pana kinachokuja bila ya kuchagua ngeli, na kuchagua ngeli ni kutoa ushahidi. Anakuja: ni mtu, au ni mnyama. Kinakuja: ni kidogo, au ni kitu tu. Linakuja: hapo, hata bila ya nomino, msikilizaji amekwisha kuona ukubwa na uzito. Ni kweli kwamba jina, jicho na jambo zimo katika ngeli hiyo na hazimtishi mtu. Lakini li- isiyo na nomino yake, ikitamkwa gizani, haimkumbushi mtu jambo wala jina.

Vivyo hivyo ngeli ya mahali. Darini kukatembewa. Nani ametembea? Sarufi haisemi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, mtenda hatajwi, na mahali penyewe pamechukua nafasi ya kiima. Nimeifundisha miundo hii kwa miaka mingi kwa mifano ya wageni kufika na viti kukaliwa, na sikuwahi kusikia jinsi inavyoweza kuogofya.

Basi nikatunga upya. Msichana yuko nyumbani peke yake, stima zimepotea, mama ametoka kwenda dukani kununua mshumaa. Mlangoni pakabishwa hodi. Kisha nikaandika hivi: Mama aliingia chumbani. Akafunga mlango. Akaketi kitandani. Likanishika mkono.

Nilimpa binti yangu asome. Alichukua kalamu nyekundu iliyokuwa mezani pangu, akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

“Baba, hapa umekosea upatanisho. Ni akanishika.”

Sikumjibu. Aliitazama karatasi tena, kalamu ikiwa ingali hewani. Kisha akaiweka chini taratibu na kunitazama. Usiku huo aliomba taa ya ukumbini isizimwe, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Nilikwenda kuisoma hadithi katika shule moja ya msingi jirani na kwetu, mbele ya wanafunzi wa Gredi ya Tano. Nilipofika katika neno lile darasa zima lilinyamaza, kisha likapiga kelele, kisha likacheka, kama kozi ilivyotabiri. Nikaendelea mpaka mwisho. Katika hadithi yangu sauti ya mama halisi ilisikika uani ikimwita mtoto kwa jina, na lile lililoketi kitandani likatoweka. Watoto wakapiga makofi. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma hakupiga. Aliinua mkono.

“Mwalimu, na asiye na mama, nani atamwita?”

Nilibabaika. Nilisema neno juu ya majirani. Baadaye mwalimu wa darasa alinieleza kwamba mama wa kijana huyo alifariki mwaka uliotangulia, naye analelewa na dada yake. Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Nilikuwa nimekwenda na kitisho cha mchezo, nikakiweka juu ya kidonda kisichokuwa cha mchezo, tena nikakifungia humo kwa ufunguo ambao yeye hana.

Wapo watakaosema kwamba hilo ndilo dhara la hadithi hizi, na kwamba heri tubaki na maonyo yetu. Nimelifikiria sana, na sikubaliani nao. Mtoto yule hakusema nisisome. Hakusema hadithi imemtisha kupita kiasi. Aliuliza mlango uko wapi. Kosa langu halikuwa kumtisha. Lilikuwa kumtisha na kumwachia wokovu ulio mikononi mwa mtu mzima, kinyume cha kanuni ya tano niliyokuwa nimeinakili kwa mkono wangu. Nilikuwa nimelifukuza onyo mlangoni, likaingia dirishani: mtoto wangu bado alikuwa akimngoja mkubwa.

Niliubadilisha mwisho. Msichana, mkono wake ukiwa umeshikwa, anauliza kwa sauti ya kawaida: mama, kiberiti huwekwa wapi? Lile lililoketi kitandani halijibu. Linajua jina lake, linajua sauti ya mama, lakini halijui mahali kiberiti kinapowekwa, kwa maana halijawahi kupika katika nyumba ile. Yeye anajua. Anauchomoa mkono, anapapasa chini ya jiko, anawasha. Kitandani hamna mtu. Pamebaki bonde katika godoro, na bonde lenyewe ni baridi.

Majuma mawili baadaye nilirejea shuleni nikausoma mwisho huo. Yule mvulana alisikiliza kichwa kikiwa juu ya mikono. Nilipomaliza akainua mkono tena, nami nikajiandaa.

“Na kama kiberiti kingekuwa kimekwisha?”

Darasa likalipuka. Mmoja alisema atatumia simu, mwingine akasema simu haina chaji, msichana mmoja akasema angeliuliza lile zimwi swali jingine kwanza. Walibishana mpaka kengele ikalia. Sijawahi kuona insha ikizaliwa kwa namna hiyo, na hakuna aliyetaja kijasho chembamba.

Zoezi langu la mwisho katika kozi lilipata alama saba. Zile tatu zilikatwa kwa ajili ya sentensi moja ambayo, mkufunzi aliandika, haikumtisha. Sikushangaa. Neno likanishika lilikuwa limegoma kutafsirika. Kwa Kiingereza lilidai maelezo ya mstari mzima, na kitisho kinachoelezwa hupoa. Hadithi hiyo inaweza kuishi katika Kiswahili peke yake. Kwa muda mrefu tumewaambia watoto kwamba waipende lugha hii kwa sababu ni yao. Afadhali tuwape jambo ambalo hawawezi kulipata kwingine.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, nina ombi. Mara moja katika muhula, wapeni wanafunzi insha ya kutisha iliyo huru: isiyo na funzo mwishoni, isiyo na msemo wa kukariri, inayoanzia katika chumba wanachokilala. Watumeni wakawaulize nyanya na babu zao habari za nunda na mazimwi ya kwao, na waziandike kama walivyosimuliwa. Waulizeni kabla ya kuanza ni hofu gani iliyo ya mchezo na ipi isiyoguswa, kwa kuwa kila darasa lina dawati la nyuma. Sharti moja tu liwe la lazima: anayeogopa ndani ya hadithi atafute mlango mwenyewe.

Nanyi mkishika kalamu nyekundu, mkaona mtoto ameandika likanishika pale mlipotarajia akanishika, tafadhali iwekeni kalamu chini kwanza, mkaisome tena sentensi iliyotangulia.